Ufunguo Mmoja, Magari Mawili

Fundi tuliyemwita Kitasa alikuwa na maneno mengi kuliko tupa zake. Ukimpelekea gari kuukuu lenye funguo tatu, mmoja wa milango, mmoja wa buti na mmoja wa swichi ya kuwashia, alizipokea zote kwa vidole viwili kama mtu anayeokota panya aliyekufa, kisha akakuambia: "Kesho utaondoka na ufunguo mmoja tu. Na huo hauna pacha duniani." Kazi hiyo aliifanya miaka ishirini na miwili, ndani ya kibanda cha mabati chenye meza, jiriwa ya kubania vyuma na redio isiyo na mfuniko.

Siku moja alikuwa amemaliza gari dogo jeupe la mwalimu mmoja mstaafu. Alijaribu ufunguo mpya kwenye milango yote minne, kwenye buti, kwenye swichi. Kote uliitika. Akaenda nyuma ya kibanda kunawa na kula.

Alipokuwa akila, lori la mbao likaja kusimama ubavuni mwa gari la mwalimu, likaliziba. Mbele ya lori akaegesha muuza vioo, naye ana gari jeupe la aina ile ile. Akalifunga, akaingia duka la pili.

Kitasa akatoka ameshiba, miwani ameisahau mezani. Akaliona gari jeupe. Akachomeka ufunguo, mlango ukafunguka. Akachomeka kwenye swichi, gari likanguruma. Akashika njia kumpelekea mwalimu gari lake.

Alikuwa amevuka mzunguko wa kwanza wa barabara aliposikia sauti nyuma ya kisogo chake.

"Leo unaendesha kistaarabu. Nani kakukemea?"

Kitasa alikanyaga breki mpaka paji la uso likagonga usukani. Akageuka. Kwenye kiti cha nyuma alikuwa amejilaza bibi kizee, amejifunika shali mpaka kidevuni, anapikicha macho. Walitazamana. Neno lililomtoka Kitasa ndilo alilofunzwa na mama yake tangu utotoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," alisema bibi. Akamchunguza. "Wewe si mwanangu."

"Siye, mama."

"Basi ni mwizi."

"Mimi fundi, mama. Fundi wa vitasa."

"Ndiyo hao hao," alisema bibi, akatafuta fimbo yake chini ya kiti.

Kitasa aligeuza gari, bibi akimpiga kwa fimbo begani kila alipopunguza mwendo. Mbele ya kibanda watu walikuwa wamejaa. Muuza vioo alikuwa ameshika kichwa, analia kama mtoto: "Mama yangu! Wameniibia mama yangu!" Mtu mmoja alishaokota kipande cha mbao kutoka kwenye lori. Kilichomwokoa Kitasa ni bibi mwenyewe, aliyeshuka na kusema kwa sauti, "Mwacheni, huyu ni mjinga tu. Mwizi gani anaamkia?"

Watu wakaangua kicheko. Kitasa naye akajaribu kucheka. Ndipo muuza vioo alipomtazama vizuri.

"Kwani si wewe uliyenitengenezea vitasa vya gari hili, mwaka juzi?"

Mwalimu mstaafu, aliyekuja kuuliza gari lake na kukuta fujo, alisogea mbele. Alinyoosha mkono. Muuza vioo akampa ufunguo wake. Mwalimu akazunguka lori, akauchomeka kwenye mlango wa gari lake mwenyewe. Ukafunguka. Akakaa, akawasha. Likawaka.

Kicheko kilikatika.

"Fundi," alisema mwalimu taratibu, "umetengeneza magari mangapi ya namna hii?"

Kitasa aliingia kibandani, akavaa miwani, akachukua bisibisi. 

Alivifungua vitasa vya magari yote mawili mezani, mbele ya wenyewe. Ndani ya kila kitasa huwa kuna vibati vinane vyembamba vya shaba, ambavyo ufunguo lazima uvipange sawa ndipo kizunguke. Kwenye magari ya zamani vibati huwa vimelika, na kuvilinganisha kimoja kimoja kunachosha. Miaka mingi nyuma Kitasa alikuwa amegundua njia ya mkato: vinavyosumbua anavitoa, anabakiza vitatu, anavipiga tupa. Sasa aliviona vitatu vya gari moja kando ya vitatu vya gari la pili, vinalingana kama meno ya mtu mmoja. Mkono ulikuwa umezoea. Alikuwa akichonga ufunguo ule ule bila kujua.

Nyumbani alimsimulia mkewe, akitarajia huruma. Mkewe aliacha kukunja nguo.

"Nani mwingine anajua?"

"Mwalimu na muuza vioo. Na yule bibi, na umati wote."

"Basi watangulie. Kawaambie watu kabla hujasemewa."

Akaanza kuzunguka mitaani, akiwatafuta wateja wake mmoja mmoja. Wengine walimtukana. Mmoja alimfungia mlango usoni. Gari baada ya gari alichomeka ufunguo wa mwalimu. Mengi yaligoma, akashusha pumzi, lakini la nne lilifunguka, na la saba, na la kumi na moja.

Hilo la kumi na moja lilikuwa la muuguzi mmoja. Alimsikiliza Kitasa akiwa amesimama kibarazani na sare yake ya kazi. Alipoona mlango unafunguka, hakutukana. Aliketi chini, palepale sakafuni.

"Mwaka jana mkoba wangu uliibwa humu," alisema. "Kioo hakikuvunjwa. Mlango haukuguswa. Ufunguo wa pili alikuwa nao mdogo wangu peke yake."

"Dada..."

"Aliapa. Akalia mbele yangu. Nikamfukuza nyumbani."

 Kitasa alitaka kusema kwamba hakuna ajuaye, kwamba huenda mkoba uliibwa kwa njia nyingine. Maneno yote aliyokuwa nayo maishani yalimkimbia.

Muuguzi alitoa simu, akabonyeza, akaiweka sikioni. Iliita mpaka ikakata. Akapiga tena. Mara ya tatu ikapokewa.

"Usikate," alisema haraka. "Tafadhali, usikate. Ni mimi dada yako."

Kitasa aligeuka, akapiga magoti kando ya mlango wa gari, akaanza kufungua kitasa. Bisibisi ilimponyoka mara mbili. Safari hii aliweka vibati vyote vinane, akavilinganisha kimoja kimoja. Alimaliza jua likiwa limeshaelemea magharibi, na muuguzi bado alikuwa kwenye simu, anasikiliza tu, anatikisa kichwa, anafuta pua kwa mkono wa sare.