Bomba Lisilopiga Mluzi

Wiki iliyopita nilikuwa Mbinga kuandika habari za wanunuzi binafsi wa kahawa. Nje ya nyumba ya wageni nilikuta bomba la mtaa limeachwa wazi kidogo, halitoi hata tone, na pembeni ndoo tupu sita zimepangwa foleni. Nikasema moyoni, watu hawa hawajui kutunza mali ya umma. Nikalikaza kwa nguvu.

Saa nne asubuhi nikalifungua ninawe mikono, maji yakatoka. Nikajaza ndoo yangu, nikalikaza tena kama raia mwema.

Mchana wenye ndoo wakashuka kutoka mashambani, wanawake, mikono mitupu. Maji yalikuwa yameshakatika. Mama mmoja akalishika bomba, akatikisa kichwa.

“Shikamoo mama. Kuna nini?”

“Marahaba, baba. Maji huku yanakuja mara moja kwa wiki, na upepo huyatangulia ndani ya bomba. Ukilifungua lote, unapita kimya; ukilikaza, hautoki kabisa. Ukiuachia tundu dogo, unapiga mluzi mpaka kule mlimani, nasi tunakimbilia. Leo halikulia.”

Kisha akaitazama ndoo yangu iliyojaa. “Wewe ulisikiaje?”

Mimi kazi yangu ni kuuliza. Nikamsogezea ndoo. Kwamba niliyelikaza ni mimi, sikusema. Nasema leo, nikiwa mbali.

Akawapimia wenzake kwa kikombe, mmoja mmoja. Mwisho akanipimia na mimi, sawa na wao.