Mshumaa wa Shangazi Hukaa Sahanini

Kila umeme ulipokatika, shangazi alimimina maji kidogo kwenye sahani ya bati, akasimamisha mshumaa katikati, akauweka mbali na pazia. Hata akienda chooni tu, aliuzima kwa vidole vilivyolowa, akavinusa, akasema, "Haya, huyo kalala." Tulipomcheka alijibu, "Chekeni. Moto hauna shangazi."

Alikuwa fundi cherehani. Ndoa yake ilipovunjika alihamia kwetu, chumba cha mbele. Baba ni mdogo wake. Shangazi alimbeba mgongoni tangu hajaota meno.

Jioni ile alikuwa amepeleka sare kwa mteja. Giza likaingia, umeme hakuna. Baba akaingia chumbani kwake kutafuta betri za redio. Niliyaona yote kutoka jikoni: alidondosha nta juu ya meza ya cherehani, akabandika mshumaa pale pale, pembeni ya pazia. Simu ikaita, akatoka nje kuongea. Niliposikia harufu, pazia lilikuwa limekwisha na gauni la bibi harusi linawaka. Tukazima kwa ndoo.

Shangazi aliporudi alimkuta mwenye nyumba, anayekaa ua wa nyuma, kasimama na tochi akimulika ukuta mweusi.

"Aliyewasha mshumaa humu ahame," alisema. "La sivyo mtahama nyote."

Baba akatazama viatu vyake. "Ni dada. Yeye ndiye mtu wa mishumaa."

"Baba," nikasema, "si wewe uliyekuwa unatafuta betri?"

"Lo! Leo bubu kapata ulimi. Wakubwa wakiongea, nyamaza."

Shangazi alikuwa ameinama, anakwangua kwa kucha nta iliyoganda kwenye mbao. Sahani yake ilikuwa juu ya kabati, kavu. Aliitazama, kisha akamtazama Baba.

"Mdogo wangu, mimi ndiye ninayebandika mshumaa kwenye mbao?"

"Dada, nielewe. Mimi nina watoto. Wewe huwezi kukosa pa kujibanza."

Mwenye nyumba akakohoa.

Shangazi akacheka kidogo. "Kikulacho ki nguoni mwako. Na mimi nguo ndiyo kazi yangu, nisikione!"

Akachukua mkasi na tepu yake ya kupimia, akavaa viatu.

"Unakwenda wapi, shangazi?"

"Kununua uzi, mwanangu."

Droo ilikuwa imejaa uzi wa kila rangi. Alifungua geti, akalirudishia taratibu nyuma yake, na hakurudi.