Wadudu Katika Nguo za Marehemu

Mtaani walimwita Kioo. Alikuwa fundi wa madirisha, mtu mrefu, mkimya, mwenye vidole vilivyojaa makovu madogo meupe, na nyumba yake ilikuwa kichekesho cha mtaa. Kila dirisha lilikuwa na kioo cha namna yake: hapa cha mawimbi kilichobaki kwenye kazi ya zahanati, pale cheusi cha duka la simu, bafuni cha maua. Fremu zilikuwa zimepinda na upepo uliingia ulivyotaka. Mkewe alikuwa akimwambia, "Mganga hajigangi, sawa, lakini wewe hata plasta hujibandiki." Kisha mke akaugua, akafa, na habari za fremu zikaishia hapo.

Mama mkwe alikuja kwa ajili ya msiba, akabaki. Hakuna aliyemwomba abaki wala aliyemwambia aondoke. Waliishi kwa heshima, kama watu wawili waliobeba trei moja ya mayai. Kioo alikohoa kabla ya kuingia sebuleni. Mama alimwekea chakula, akarudi jikoni. Marehemu hawakumtaja. Mlango wa chumba cha kulala mama hakuwahi kuuvuka, na ndani ya chumba hicho kabati la nguo za mkewe lilikaa limefungwa. Kioo alikuwa na sababu. Mara mojamoja alilifungua upenyo tu, akaingiza uso, akavuta pumzi, akafunga upesi, kama mtu anayechota maji ya mwisho mtungini. Harufu ya mkewe ilikuwa bado imo: sabuni, mafuta ya nywele, na kitu kingine ambacho hakuwahi kukipatia jina.

Baridi ilipoanza, wadudu wakaja. Walikuwa bapa, wa rangi ya udongo, wenye mgongo kama ngao, na walitembea taratibu kama wenye nyumba. Walianza kwenye mapazia, wakahamia darini, viatuni, kwenye mikunjo ya taulo. Hawakuuma, wala hawakugusa chakula. Ubaya wao ni kwamba ukimbana mmoja wao alitoa harufu nzito, kama majani mabichi yaliyovundia kwenye mafuta ya taa, na harufu hiyo ilikaa mkononi hata ukioga.

"Wageni hawa hawana adabu," mama alisema, akimtoa mmoja kikombeni. "Hodi hawapigi, kuaga hawaagi."

Jirani, dereva wa gari la maji, aliwafundisha njia: usimponde, kinga bakuli la maji ya sabuni chini yake, mguse kwa kijiti, atajitupa mwenyewe. Mama akawa hodari wa kazi hiyo. Alizunguka nyumba na bakuli lake kama mtu anayechuma matunda.

Jioni ndiyo ilikuwa na mambo yake. Taa ilipowashwa sebuleni, wadudu waliirukia, na kifuniko chake kilikuwa cha kioo. Ti. Kimya. Ti, ti. Ndivyo mkewe alivyokuwa akimwita atoke karakana ya nyuma: aligonga dirisha la jikoni kwa pete yake, chakula tayari, bila kupaza sauti. Jioni ile ya kwanza Kioo alijikuta amesimama kabla hajajua kwa nini. Alipogeuka alimwona mama mkwe kwenye mlango wa jikoni, kijiko hewani, macho yameelekea dirishani.

Tangu siku hiyo mama hakuwagusa wadudu wa taa. Wa mapazia aliwazamisha bila huruma. Wa taa aliwaacha. Na jioni moja, Kioo akivua viatu mlangoni, alimsikia akisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayemsemesha mtoto anayechungulia, "Ingia basi. Huko kuna baridi."

Alirudi nje akakaa karakanani, hata chakula kikapoa.

Asubuhi hakwenda kazini. Alichukua bomba la silikoni, kisu na wavu, akaanza kuziba. Aliifanya nyumba yake kama kazi ya tajiri mwenye masharti: akakwangua rangi iliyobambuka, akanyoosha fremu, akajaza kila ufa, akafunga matundu ya hewa kwa wavu mwembamba. Alimaliza sebule na jikoni, chumba cha kulala akakiacha cha mwisho. Jioni taa ikawashwa, na hakukuwa na mlio wowote. Mama alikula kidogo sana, akaingia chumbani kwake mapema.

Lakini baada ya siku chache mlio ukarudi. Kioo alipanda kiti akakagua dirisha la sebule. Silikoni ya upande wa chini ilikuwa imeng'olewa kipande kizima, kwa utaratibu, na kuwekwa kando kwenye kizingiti.

"Mama," aliita. "Nani ametoa hii?"

Mama alikuwa akichambua mchele. Hakuinua kichwa. "Mimi."

"Wataingia tena."

"Ndiyo."

"Mama, ni wadudu tu."

"Baba, mimi nimezaa na nimezika. Mdudu namjua." Akapeta mchele, akapuliza makapi. "Lakini ile jioni wewe ulisimama. Nilikuona. Nyumba hii nzima hatumtaji. Wale angalau wanamtaja."

Kioo alichukua bomba lake akaenda chumbani, maana kazi ilikuwa imebaki huko, na mikono ikikosa kazi moyo huanza kusema. Ili aifikie fremu ilimbidi asogeze kabati. Lilipoachana na ukuta aliwaona: wamejipanga nyuma yake, mgongo kwa mgongo, kama magamba ya samaki. Na ubao wa nyuma wa kabati ulikuwa umebanduka.

Alifungua mlango wa kabati, safari hii wote. Walikuwa kwenye kola, kwenye mifuko, ndani ya mikono ya magauni. Aliivuta sweta ya bluu, ile aliyoivaa mkewe kwenda hospitali, akaikumbatia bila kufikiri. Akawasikia wakipasuka ndani ya sufu. Harufu ikapanda. Alipozamisha uso, hakukuwa na sabuni wala mafuta ya nywele. Walikuwa wao tu.

Aliketi sakafuni. Hakujua amekaa muda gani aliposikia kikohozi mlangoni.

"Hodi, baba."

Mama akaingia, mara yake ya kwanza, akitembea kando ya ukuta. Aliichukua sweta mapajani mwake, akainusa kwa muda mrefu.

"Hayumo tena," alisema.

"Hayumo."

Mama akaketi kwenye ukingo wa kitanda. "Nilikuwa nakuonea wivu. Nikisikia bawaba ya kabati hili inalia, najua umekwenda kumwona. Mimi sina hata leso yake. Ndiyo maana nilimwita taani."

"Ungeniomba, mama."

"Mtu na mkwewe? Ningeanzia wapi?"

Walizitoa nguo zote uani, wakazikung'uta moja moja juu ya beseni, kisha wakazifua. Upepo wa mchana ukaingia kwenye magauni, yakafura mabega na viuno kwenye kamba, na Kioo akageuza kiti chake kuelekea ukutani. Mama ndiye aliyekaa akiyatazama mpaka yakakauka. Ile sweta ya bluu Kioo alimpa yeye. Jioni waliziba dirisha la chumba na lile la sebule, mama akimshikia tochi na kumwonyesha nyufa alizoziruka.

Wadudu hawakurudi. Ukimya uliobaki ulikuwa mzito kiasi kwamba ilibidi waongee, na walichokuwa nacho cha kuongea ni kimoja. Siku nyingine walicheka. Siku nyingine mmoja aliondoka mezani. Joto liliporejea, binti mdogo wa mama akajifungua, mama akaenda kumlea mtoto. Kioo akabaki peke yake kwenye nyumba isiyopitisha hata upepo.

Baridi iliyofuata aliitwa kubadilisha dirisha kwenye nyumba ya mwalimu mmoja. Alipoichomoa fremu ya zamani, wadudu wakamwagika kutoka ukutani, na mmoja akabanwa chini ya kiganja chake. Harufu ikamfikia. Moyo wake ukaruka kwa furaha, furaha tupu ya mtu aliyesikia mtu wake amefika mlangoni, na baada ya hapo akaketi palepale chini ya dirisha.

Mwalimu alitokea na kopo la dawa ya kupulizia. "Kuna nini, fundi?"

"Hamna kitu, mwalimu," alisema, kiganja bado ki karibu na uso. "Weka dawa kando. Nitawatoa mwenyewe, taratibu."