Usipande Kwanza

Mume wangu alianza habari ya kwenda kupumzika mwezi wa tisa, wakati kila mwenye akili zake hapa Runazi anatifua shamba na kutazama mawingu. Nilimwuliza, kupumzika nini, nani amekuambia tumechoka? Kwetu mtu akionekana na begi barabarani, basi kuna msiba, au harusi, au mgonjwa anapelekwa hospitali. Kusafiri ili ukakae tu mahali halafu urudi, hayo tunayaona kwenye televisheni. Lakini yeye ni mwalimu, likizo fupi ilikuwa imekaribia, na alikuwa amenunua kigari kwa mtu. Mwenye gari jipya, hata likiwa kuukuu, hakosi safari.

Tukabishana siku kadhaa, kila tukikaa kula. Mbuga ya Burigi akaikataa mwenyewe, akasema kigari hakitaweza zile njia. Chato kwenye ziwa nilipendekeza mimi. Yeye alitaka Rusumo mpakani, akaone maporomoko, maji yanavyopiga kelele chini ya daraja. Anasema saa chache tu na lami nzuri. Mimi hiyo lami siiogopi, naogopa msitu wa njiani. Nimekua nikisikia jinsi magari yalivyokuwa yakisubiriana pale ili yapite pamoja na askari wenye bunduki, kwa sababu ya majambazi, na mpaka leo tukiingia kwenye ile miti nashika kiti kwa mikono miwili. Mume wangu alinicheka. Nikamwambia kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, akaniambia ubawa wenyewe una kilo themanini, nani auchukue. Basi, nikakubali, Rusumo ikapita.

Mama yangu hakuchangia neno. Anaishi nasi, kwenye chumba cha uani, na hali chakula pamoja na mkwe wake wala hawatazamani usoni. Ndiyo heshima yao. Alivuka daraja hilohilo la Rusumo mwaka ule watu walipokuwa wakikimbia vita ng'ambo ya mpaka, mimi nikiwa mgongoni. Tukakaa kambini Ngara, kisha akaolewa na mkulima wa hapa Runazi, mzee aliyenilea na ambaye sasa ni marehemu. Vitambulisho vyake viko sawa, shamba ni lake, na jirani zake wanamwita mama kama ninavyomwita mimi. Sikuona la kuuliza. Mimi ni mtu wa hapa, hilo daraja silikumbuki.

Kesho yake asubuhi mume wangu alisimama hatua kadhaa kutoka mlangoni kwake, macho chini, kama inavyompasa mkwe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Mama, mwaka huu usipande kwanza. Tunakwenda Rusumo, na wewe tunakwenda nawe."

Akaondoka zake. Mkwe hasimami akapiga soga na mama mkwe. Nilikuwa hapo nikiosha sufuria, nikasikia yote, nikaona ni sawa tu. Alitaka mgongo wa mama upumzike wiki moja, maharage yangesubiri.

Tangu siku hiyo mama akaanza kubadilika. Ugali wake wa muhogo alikuwa akiugusa tu na kuurudisha. Nikimwuliza, anasema ameshiba. Kisha nikaona tetea wake mwenye vifaranga yuko kwa jirani yetu mjane, na nilipokwenda kumdai, yule mjane akanishika mkono akaniambia amepewa. Akaniambia na jingine. Mama alimwomba aniangalie, kwa sababu mimi nina hasira za haraka na sina ndugu.

Niangaliwe kwa nini, yeye anakwenda wapi? Nilirudi nyumbani nikiwa sioni njia. Nilijua mama anaumwa ugonjwa mkubwa na anaaga. Wazee hujua siku zao, na mficha maradhi kifo humuumbua. Nikamkuta anakunja nguo zake, nzuri upande mmoja, za shamba upande mwingine, na kiunoni pindo la kitenge limefungwa fundo kubwa. Nikamwuliza unaumwa wapi. Akasema haumwi. Nikamwuliza hiyo uliyoifunga ni nini, dawa? Akasema ni mbegu. Nikapandisha sauti, na mimi nikiogopa huwa nagomba, nikamwambia wewe mama unanificha, unataka nije nikuokote sakafuni? Nikaona macho yake yananiogopa mimi. Sikuelewa, na kutokuelewa kule kulinizidishia hofu. Mume wangu akasema tutampitisha hospitali ya Biharamulo siku ya kuondoka. Nikakubali.

Siku hiyo alfajiri nilimpelekea maji ya kuoga. Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Jembe halikuwapo nyuma ya mlango. Nilimwita, kisha nikamwuliza jirani, na kwake mama hayupo. Nilikimbia mpaka kisimani, nikachungulia ndani ya kile kisima, Mungu anisamehe nilichokuwa nakitafuta mle. Halafu nikakimbilia shambani nikilia.

Alikuwa pale. Ameinama, anachimba vishimo kwenye udongo mkavu kama unga na kudondosha maharage. Mvua hata haijanukia. Mtu aliyelima miaka yote hiyo anapanda kwenye vumbi. Nikadhani sasa na akili zimeondoka.

"Mama, unafanya nini?"

Hakuinuka. "Kule kambini walituambia hivihivi. Msipande kwanza. Wiki iliyofuata tukapangwa barabarani, tukaambiwa twende darajani, turudi kwetu. Mimi nikaingia msituni na wewe mgongoni." Akafukia shimo kwa kisigino. "Mumeo kasema nisipande. Na safari ni ya Rusumo. Nimeelewa. Nikasema nikipanda, labda mtaniacha mpaka nivune."

Nikakaa chini kando ya shimo lake.

"Nimekukosea nini, mwanangu?" akaniuliza.

Nilimkumbatia miguuni pale kwenye vumbi nikamwambia hakuna anayekurudisha, mama, tulikuwa tunakwenda kutazama maji tu. Nikaona hanisadiki. Nani anakwenda Rusumo kutazama maji? Nilirudia mpaka sauti ikakauka. Mwishowe nikaona maneno hayasaidii, nikachukua mbegu kwenye pindo lake nikaanza kudondosha. Mume wangu alitukuta hapo, amevaa shati la safari. Nilimweleza. Akavua viatu, akaenda upande wa pili wa shamba, akatugeuzia mgongo kwa heshima, akachimba. Tulipanda shamba zima siku hiyo.

Nusu ya mbegu zile ziliungua na jua, tukarudia mvua ilipokuja. Maharage yalipotoa jani la pili, mama mwenyewe akasema, haya, sasa twendeni huko kwenu mnakopumzika, lakini liwe ziwa. Likizo ilikuwa imekwisha zamani, tukaenda siku ya Jumamosi. Tulipofika Biharamulo, penye njia ya kwenda Lusahunga na mpakani, alinikamata kifundo cha mkono, na kucha zake zikaingia. Mume wangu akakata kona ya Chato. Alikuja kuniachia tukiwa tumeshakwenda mbali.

Ziwani alikula samaki mzima akalamba vidole. Alicheka, nguo imemlowa mpaka magotini. Nilipomshika kiuno nimsaidie kutoka majini, mkono wangu ukagusa fundo la mbegu.

"Mama, na hizi za nini tena?"

Aliangalia kama mkwe wake anasikia. Alikuwa mbali, anafuta kigari chake.

"Wewe ulikuwa mgongoni," akasema. "Hukuona kitu."