Siku Niliyoisaga Kompyuta ya Kulwa

Nianze na upumbavu wangu mwenyewe kabla hamjausikia kwa majirani, maana hapa Kalangalala wanausimulia kwa kuongeza chumvi. Niliichukua mazabodi ya kompyuta yetu ya zamani, lile bamba la kijani ambalo vitu vyote vya ndani hushikizwa juu yake, nikaipeleka kwenye karasha, mashine ya kusagia mawe ya dhahabu, ikasagwa pamoja na mawe ili nipate dhahabu. Haikuwa mbovu. Asubuhi ya siku hiyo ilikuwa imechapa barua mbili. Na haikuwa yangu peke yangu.

Mliokulia huku mtanielewa hata mkinicheka. Sisi hatutupi kitu kabla hatujajiuliza kama kina dhahabu ndani. Nakumbuka tulipokuwa wadogo kule Mwakitolyo, mvua ikishakatika watoto tulitoka mbio na vikarai kwenda kuosha mchanga wa mfereji uliopita chini ya mialo, pale wakubwa walipooshea udongo wa maduara, yale mashimo ya dhahabu. Ungetukuta tumechuchumaa, matope hadi masikioni, kila mmoja anatikisa karai lake kama mama anayepepeta mchele. Tukipata punje, inaishia kwenye maandazi. Watoto wa siku hizi mvua ikinyesha wanajifunika blanketi na kulalamika kwamba mtandao unasuasua.

Mimi ni Doto, na Kulwa ni kaka yangu. Kwa Msukuma hapo nimeshamaliza, ila kwa wageni niseme kwamba tulizaliwa pamoja, yeye akatangulia kutoka, na kwa dakika hizo chache amenitawala maisha yangu yote. Mama alikuwa na sheria moja juu yetu, na aliwaambia hata wageni waliokuja na zawadi: "Ukimpa Kulwa, mpe na Doto. Kama huna viwili, rudi nacho." Basi kiazi kilipasuliwa katikati. Michembe, vile viazi vya kukaushwa, na karanga vilipimwa kwa kikombe kilekile. Mmoja akiugua malaria, tulimeza dawa chungu wote wawili, na mimi niliyekuwa mzima ndiye niliyelia zaidi.

Mchezo wetu mkubwa haukuwa rede wala kombolela. Ulikuwa zebaki. Wakubwa waliitumia kukamatia dhahabu, sisi tuliiba tone moja tukaliweka kwenye sahani ya bati na kulikimbiza kwa kidole. Linapasuka kuwa vitone vinavyong'aa, kisha vinarudi kuwa kimoja kana kwamba hakuna kilichotokea. Kulwa aliweza kukigawa kitone kimoja kwa ncha ya mwiba na kuvipanga vyote mstari, vimekaa kama wanafunzi paredini, na sahani haitikisiki. Mama akitufokea, ilikuwa ni kwa sababu tunachezea mali za watu. Kwa lingine lolote hakutufokea. Hakuna aliyejua kwamba ni sumu, na kama yupo aliyejua, hakuja kwetu kutuambia.

Mikono ya Kulwa ilijulikana mtaa mzima. Redio ya baba ikinyamaza, aliifungua kwa kisu cha mezani ikaanza kusema. Mimi nilikuwa mtu wa ndani, jua linaniumiza kichwa, kazi yangu ilikuwa kumshikia misumari na kumpangusia vumbi. Tulipofika sekondari, shule ilikuwa na kompyuta moja iliyofunikwa kitambaa cha kufuma, na mkuu wa shule aliifunua wageni wakija. Somo lenyewe tulilisoma kwa kuchora kibodi kwenye daftari. Nilipata alama nzuri sana kwenye kibodi ya penseli, na hadi leo ndicho cheti changu cha ufundi.

Kulwa hakuitaka ya penseli. Tulipomaliza kidato cha nne alikwenda Isaka kupakua mizigo ya malori, akarudi na kompyuta mbili za mtumba zilizokataliwa na wenyewe. Akazimwaga juu ya mkeka wa mama na kutoka kwenye mbovu mbili akapata nzima moja. Namkumbuka ameishika prosesa kwa vidole viwili, kijibamba kidogo kama kigae, chini kimejaa miguu. "Doto, hii ndiyo inayofikiri," akaniambia. "Usiisukume. Ukiielekeza vizuri inadondoka yenyewe mahali pake." Na kweli ilidondoka. Halafu pembeni ya mazabodi akaandika kwa kalamu ya wino mzito, KULWA NA DOTO. Mama alikuja akatazama yale maandishi kwa muda mrefu, yeye ambaye hakuwahi kukubali kitu kimoja kwa watu wawili. "Haya," akasema. "Kwa kuwa ina majina mawili."

Kulwa akaenda machimboni, mimi nikabaki na kompyuta. Nilipoolewa nilikuja nayo hapa Geita, na ndoa ilipovunjika kompyuta ilibaki. Sebuleni kwangu nikawa nachapa barua, mikataba ya mashamba, kadi za harusi, ratiba za mazishi. Mashine hiyo ndiyo iliyomsomesha binti yangu Salome. Yeye Kulwa huko mialoni walimpa kazi ya watu wenye mikono mizuri, kuchoma ile zebaki ili ibaki dhahabu tupu. Aliinama juu ya moshi ule miaka na miaka, kwenye jiko la mkaa kama anapika chai.

Mwaka jana aliporudi kuishi kwangu nilimwekea kikombe cha chai, nusu ikamwagika kabla haijafika mdomoni. Nikadhani ni uchovu wa safari. Hospitali wakatueleza kwamba ni zebaki, na kwamba mitetemo ile haitamwacha. Tangu hapo namwekea chai nusu kikombe, naye hujifanya hajaona. Sheria ya mama ilivunjwa mara moja tu, na ilivunjwa hapo. Alipewa Kulwa, mimi sikupewa.

Kompyuta nayo ilikuwa imezeeka. Ukibonyeza herufi, unaweza kwenda kukoroga uji ukarudi ukaikuta ndiyo inatokea. Vijana wanaokuja kujaza fomu za vyuo walikuwa wananiuliza, "Anti, hii inatumia umeme au kuni?" Hao hao ambao hawajui kuhifadhi faili, wanapiga picha kioo kwa simu. Salome alinishauri ninunue kompyuta mpakato, nikamwambia anitumie na hela ya kununulia. Kulwa ndiye aliyepata njia.

"Tubadilishe mazabodi, prosesa na ramu basi," alisema. "Kasha, pawa saplai, diski na kioo vinabaki. Tutafute mtumba wa juzijuzi."

Alinisomea orodha, mimi nikaandika, kwa sababu mwandiko wake siku hizi hausomeki. Tukazunguka madukani siku tatu hadi tukapata pea moja ya mazabodi na prosesa iliyotumika, ndogo, safi, ya kulingana na mfuko wetu. Njiani kurudi alilipakata lile boksi kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza tangu arudi nilimsikia akipiga mluzi.

"Nitaifunga mimi," akasema. "Jumatatu, nikitoka kliniki."

Nikasema sawa. Na niliposema sawa nilikuwa naitazama mikono yake juu ya boksi.

Jumatatu Kulwa alipoondoka, nilichukua bisibisi. Nilijiambia ni huruma, kwamba namwepusha na aibu. Ukweli niliujua, nilikuwa naogopea mazabodi yangu mpya. Nikaichomoa ile ya zamani na prosesa yake, nikaiweka barazani, na hapo ndipo akapita jamaa anayenunua simu mbovu kwa ajili ya kusaga.

"Mama Salome, za zamani hizi ndizo zenye dhahabu," akasema. "Ila karasha linawashwa sasa hivi. Ukilala, hadi wiki ijayo."

Angeambiwa hivyo mtu wa Dodoma, angeuliza maswali. Lakini mimi nimelelewa na karai. Nilijifunga kanga nikamfuata mwenyewe, nikasimama nikaangalia majina yetu yakiingia kwenye pipa na mawe. Nilikuwa nawaza kumnunulia Kulwa shati kwa dhahabu hiyo. Baada ya kuosha, jamaa alinionyesha ncha ya kidole chake. "Ipo," akasema, "ila haishikiki." Mzani haukuiona.

Nikarudi kwenye ile mpya. Kumbe prosesa za sasa hazina miguu. Miguu iko kwenye mazabodi yenyewe, pini nyembamba kama nywele, mamia, zimesimama kwenye kiota chake. Nikaona vumbi. Hapa kwetu vumbi la barabara na la makarasha linaingia hadi ndani ya sufuria iliyofunikwa, na mimi kazi yangu tangu utoto ni kupangusa. Basi nikachukua kitambaa safi, nikapangusa. Kitambaa kikanasa. Nilipokivuta, pini zilikuwa zimelala kama mpunga uliopitiwa na ng'ombe. Nikaweka prosesa juu yake hivyohivyo, nikafunga, nikawasha. Feni ikazunguka. Kioo kikabaki cheusi kama ubao wa shule wakati wa likizo.

Kulwa akarudi kutoka kliniki. Aliona kasha limefunguliwa, akavuta kigoda, akaniambia nimulike tochi ya simu.

"Umepangusa," akasema.

"Kulikuwa na vumbi."

"Niletee sindano."

Nikamletea. Macho yake bado ni yaleyale, alinionyesha pini moja moja, hii imelala kushoto, hii imemkanyaga mwenzake. Kisha akaishusha sindano. Mkono ulifika juu ya kiota ukaanza kwenda huku na huku, naye akautazama kama mtu anayetazama mtoto wa jirani akimharibia bustani. Akaiweka sindano kwenye kisosi, ikagongagonga kabla hajaiachia. "Jaribu wewe." Nikajaribu. Pini ya kwanza nikaikata.

Kisha akasema lile nililokuwa naliogopa. "Basi rudisha ile ya zamani, wateja wasikose. Iko wapi?"

Nikamwambia.

"Yenye majina?"

"Yenye majina."

Hakunifokea. Angenifokea ningepumua. Aliinuka akatoka kwenda kukaa barazani, mikono ameibana katikati ya magoti, nami nikabaki na bisibisi yangu na cheti changu cha kibodi ya penseli.

Enzi zetu tulikuwa na kitu kimoja kwa watu wawili, na hakuna aliyekosa. Yeye alikuwa na mikono, mimi nilishika misumari. Siku hizi madukani kuna kila kitu, vijana wana kompyuta ndani ya mifuko ya suruali na wanazitumia kutazama watu wakicheza. Mimi ninayo mikono miwili isiyotetemeka, nzima kabisa, na mliona nilichofanya nayo. Naikumbuka ile sahani ya bati na vile vitone. Tulicheka sana siku zile. Hakuna aliyetuonea huruma, ndiyo maana Kulwa aliachiwa afanye mwenyewe.

Mama Mabula, jirani yangu anayeuza michembe chini ya ukuta wangu na asiyepitwa na neno la nyumba hii, alisimama mlangoni akaangalia kasha lililo wazi, akamwangalia Kulwa kule barazani, kisha akanigeukia.

"Wewe mwenye mikono mizima si umeiharibu vilevile? Ungemwachia Kulwa aiharibu yeye, saa hizi mngekuwa mnacheka wote wawili."