Tromboni Mlangoni

Mwalimu wetu wa tromboni alipewa ofisi nyembamba kama kabati. Kila alipotafuta noti ya chini kabisa, alifungua mlango kwanza, maana lile bomba analolisukuma mbele na kulirudisha halikuwa na pa kwenda ila koridoni. Sisi makarani tulizoea kuinama tukipita. Mfukoni alikuwa na vitambaa viwili, kimoja cha kufutia mate ya tromboni na kingine cha kufutia uso, na miaka thelathini ya kufundisha haikumsaidia kuvitofautisha.

Siku moja mkuu wa kitivo, mama asiyejua kucheka, alikuja na barua ya kulifuta somo lake, kwa kuwa lilikuwa limebaki na mwanafunzi mmoja tu. Hakujua kuinama. Bomba likampiga begani, barua ikaruka.

"Uwii, samahani, mama! Umeumia?"

"Nimekuja kukufungia somo, mwalimu."

Machozi yakamlengalenga mwalimu. Kisha akamkabidhi tromboni. "Basi kabla hujatuzika, mama, tupulizie mara moja tu. Bana midomo."

Mama akapuliza. Ulitoka mlio wa ng'ombe aliyekanyagwa mkia. Alitazama huku na huku kama mtu aliyejamba ukweni, akaufunga mlango. Tukasikia ng'ombe wa pili, wa tatu, halafu kicheko kikubwa cha kike.

Alasiri nilimpelekea barua yake aliyoisahau sakafuni. Aliichana bila kuisoma, kisha akaninong'oneza, midomo imevimba: "Mwanangu, fomu za kujiandikisha bado zipo?"