Bastola Juu ya Majina

Juni 1974 tulimpoteza nyanya, mama mzaa baba. Juzi nilienda Ngara kununua uzi, nikakuta lile jumba la sinema tulilokuwa tukienda naye limegeuzwa duka la magodoro. Nilisimama pale na mfuko wangu mkononi, nikamsikia nyanya akipumua kando yangu.

Tuliishi Kangemi katika chumba kimoja, baba akiwa mpishi wa Wazungu kule Loresho. Nyanya aliletwa kutoka magharibi kutibiwa macho yaliyojaa ukungu. Jirani yetu, fundi viatu mwenye kibanda Ngara, ndiye aliyemtajia sinema ya vita.

"Vita gani?"

"Ile ya Wajapani, mama."

Nyanya akaanza kutafuta leso yake. Mwanawe wa mwisho, ambaye kwangu angekuwa baba mdogo, alichukuliwa sokoni kwenda vita hivyo, na hakurudi. Jambo moja la siku hiyo halikumtoka nyanya. Kulikuwa na upepo, na Mzungu aliyewaandika vijana aliweka bastola yake juu ya karatasi za majina zisipeperuke. Bastola nyeusi, nzito, yenye pete kitakoni na kamba iliyopanda hadi shingoni mwa mwenyewe.

Basi kila Jumamosi alasiri fundi alitupeleka, nikakaa na nyanya viti vya mbele, penye maganda ya njugu na harufu ya mkojo, nikimsimulia ninayoyaona.

"Bastola imetoka?"

"Imetoka, nyanya."

"Ina kamba?"

"Inayo."

Alinibana mkono. "Ndiyo ile. Atakuwa karibu. Angalia huko nyuma, kwa wabeba mizigo."

Fundi viatu alicheka hadi akakohoa. "Mama, hao ni watu wa picha! Leo wanauawa, Jumamosi ijayo wamefufuka."

"Na wangu amekosa nini, asifufuke?"



Kwetu, mtu aliyepotelea mbali huzikwa kwa shina la mgomba, roho yake ipate pa kulala. Baba alitaka tufanye hivyo Desemba. Nyanya alikataa. Hazikwi mtoto, alisema, kabla hajatokea mtu wa kusema alimwona akifa.

Jumamosi ya tano nilikuwa nimechoka. Wenzangu walikuwa wakiruka kamba uani, na mimi niko gizani nahesabu helmeti.

"Nimemwona," nikasema. "Amevuka mto."

Nyanya alinisogelea. Kisha akauliza, "Amekonda?"

"La. Amenenepa."

Alicheka kidogo, akajifuta macho kwa leso, akasema twende nyumbani. Hakuomba tena kwenda sinema.

Jioni hiyo baba aliniita nje. "Ulimwona?"

Nikasema ndiyo. Alinitazama kwa muda, akarudi ndani kumenya viazi. Nadhani alijua. Desemba mgomba haukukatwa, na nyanya alirudi kijijini. Huko, waliniambia, kila jioni alifunika sahani moja ya chakula, akaiacha karibu na mlango. Alifanya hivyo miaka miwili, hadi alipofariki.

Siku ya mazishi, baba alichimba shimo la pili, dogo, kando ya kaburi la mama yake. Akakata mgomba, akauviringisha kwa shuka, akaulaza ndani. Wajomba na shangazi walisogea. Akawazuia kwa mkono, akaniita.

"Njoo, mama. Wewe ndiye uliyemwona mwisho. Anza wewe."

Nikachota udongo, nikautupa.